Babu Alijibu kwa Fimbo

Mimi ni mtu wa kusema ndani. Nje sauti yangu haitoki, au inatoka ikiwa imechelewa, wengine wakiwa wameshahamia kwenye habari nyingine. Nyumbani wananicheka kwamba nikitumwa dukani Nshamba kununua chumvi narudi na kiberiti, kwa sababu mwenye duka ndicho alichodhani nataka, nami nikaona haya kumsahihisha. Hiyo ilitokea mara moja tu, ila Shangazi anaisimulia kana kwamba ni kila wiki.

Shuleni kwetu Bukoba, kwa masista, wasichana tulikuwa tukipokezana kuongoza sala ya jioni. Haikuwa kusoma kitabuni. Sista aliyetulea alitaka kila mmoja aombe kwa maneno yake mwenyewe. "Mungu si mkaguzi wa elimu," alikuwa akisema, "mnamwandalia hotuba ya nini?" Basi wenzangu walisimama wakaomba vizuri kabisa. Waliwaombea wazazi, taifa letu changa, mvua, mitihani, na mpishi aliyeumwa jino. Mimi niliingojea zamu yangu jinsi mtu anavyongojea sindano.

Siku yenyewe nilisimama, nikafanya ishara ya msalaba, nikainua macho. Dirisha la kanisa letu dogo linatazama ziwa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa visiwani, imesimama juu ya maji kama ukuta wa kijivu unaotembea, na mbele yake maji yalikuwa bado yanang'aa kwa jua. Nikasahau. Kweli nilisahau kwamba kuna watu nyuma yangu. Niliiangalia ile mvua ikimeza mwanga kidogo kidogo, na kifua changu kikajaa kitu ambacho hakikuwa na neno hata moja. Nilipozinduka, kanisa zima lilikuwa kimya na mtu fulani alikuwa anakohoa kwa makusudi.

"Keti, mwanangu," alisema Sista taratibu. "Mwingine."

Tulipokuwa tunatoka, msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo Mungu kapewa likizo." Wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ndivyo ninavyoona aibu, nacheka pamoja na wanaonicheka. Lakini katika shajara yangu siku hiyo niliandika maneno mawili tu: Sijui kusali. Na niliyaamini. Nilikuwa najua kuandika mashairi, mwalimu wa Kiswahili aliwahi kuyasoma mawili mbele ya darasa, moja la jembe na jingine la uhuru, vina vyake vimepangwa kama mistari ya maharage. Ila shairi ni shairi, nikajiambia, na sala ni sala, na mimi ile ya pili sikupewa.

Nikiwa hivyo ndipo tulipofunga shule kwenda likizo ya mwisho wa mwaka.

Tata alinipokea basi liliposimama Nshamba. Tata ndiye baba yangu, kwetu tunawaita hivyo. Alichukua sanduku langu akaliweka kichwani mwake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi hovyo, nikajua kuna neno. Tulitembea njia ya Kishanda mpaka maduka yakaisha na migomba ikaanza, ndipo akasema.

"Babu yako hasemi."

"Amekasirika?"

"Hasemi. Ulimi umelala. Na mkono wa kulia, na mguu. Mganga wa zahanati anasema kiharusi."

Nikasema, "Pole, Tata." Naye akaitikia, "Eee," kama tunavyoitikia kila kitu.

Ili mtu aelewe, lazima nieleze Babu alikuwa nani. Kwetu Uhayani kuna jambo linaitwa kwebuga. Mwanamume anasimama mbele ya watu na mkuki mkononi, anasogea mbele, anarudi nyuma, huku anatamka sifa zake na za ukoo wake haraka haraka, kwa pumzi moja, kwa maneno yaliyopangwa ambayo ni yake peke yake. Mwisho wa kila kipande anagonga shina la mkuki ardhini, du, na watu wanaitikia. Zamani ilifanywa mbele ya mukama, yaani mfalme wetu. Uhuru ulipokuja na watawala wa jadi wakaondolewa, kwebuga ilibaki arusini. Na Babu ndiye aliyekuwa akitafutwa. Nimemwona kwa macho yangu kwenye arusi ya binamu yangu, mzee mfupi mwenye miguu ya matege, akasimama na mkuki na ghafla akawa mrefu. Hakuna aliyethubutu hata kutafuna. Aliniambia baadaye kwamba mbele ya mukama kwebuga haikuishia na kupiga mkuki. Iliishia na kuulaza chini, ncha ikikuelekea wewe mwenyewe uliyesema, na mikono yako mitupu. "Ukishasema yote uliyonayo," alisema, "unabaki na nini cha kushika?"

Na yeye ndiye aliyekuwa anatuongoza rozari nyumbani. Sauti ile ile, ila imevuliwa viatu.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti kilichowekwa mlangoni, anatazama kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Nilipiga magoti nikamsalimu. Aliniangalia. Nusu ya uso wake iliniangalia, nusu nyingine ilikuwa imekwenda zake. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, na nasema ukweli kwamba niliogopa kuyafuta. Shangazi aliyafuta kwa ncha ya khanga kama mtu anayefuta meza, akasema, "Ndiyo huyu sasa. Mzee wa maneno."

Shangazi ni dada mkubwa wa Tata. Alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mume na tangu hapo ndiye serikali. Ulimi wake ni wembe, lakini usidhani hampendi Babu. Nilimwona mwenyewe akimtafunia nyama kwanza ndipo amlishe.

Jioni ya pili alikuja katekista wa kigango chetu. Kigango hakina padri wake, padri hutoka parokiani akaja akiweza, na kati ya safari moja na nyingine miezi inapita. Sasa alikuwa anakuja, na baada ya Misa angezungukia wagonjwa majumbani na Komunyo. Katekista alikuwa anaandaa nani apelekewe. Ni mtu mwema, mwembamba, mwenye sauti ya kufundishia watoto, na kama watu wengi alidhani kwamba asiyesema hasikii.

"MZEE!" alipiga kelele. "MUNGU NI NANI?"

Babu akamtazama.

"NANI ALIYEKUUMBA?"

Babu akageuza uso polepole akatazama migomba.

"Usimpigie ukelele, waitu, ndugu yetu," alisema Shangazi. "Masikio yake ni mazima kuliko yako."

"Mama, mimi sina ubaya naye. Yeye ndiye aliyenifundisha nyimbo za kanisani nikiwa mtoto. Lakini siwezi kumdanganya padri. Komunyo hapewi mtu asiyejua anachopokea. Akionyesha dalili yoyote, atikise kichwa, ainue mkono, basi. Kama hakuna..."

"Kama hakuna, afe kama mbuzi?"

Tata akasema kwa upole, "Dada." Babu aliyasikia yote hayo. Nilikuwa nimekaa chini karibu na mguu wake na niliona mkono wake wa kushoto, ule mzima, umeishika fimbo yake mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

Ilipangwa hivi. Siku hizo asubuhi kila mwenye nguvu alikuwa anakwenda shamba la kijiji, la ujamaa, na balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita kuangalia nani amebaki kitandani. Mimi ningebaki na Babu. Ningemsomea sala zote upya, kama mtoto anayeandaliwa kupokea kwa mara ya kwanza, mpaka padri atakapokuja. "Wewe ni msomi wetu," alisema Tata. Nilitaka kumwambia kwamba amekosea mtu, kwamba huyu msomi alisimama kanisani Bukoba akawa gogo. Sauti, kama kawaida, ikachelewa.

Nilisoma. Kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda na kitabu cha sala, nikasoma sala ya asubuhi, sala ya kutubu, sala ya matumaini, litania. Nilisoma wazi wazi na kwa kituo. Babu alitazama kibanja. Nikisimama kumngojea aitikie, haitikii. Siku moja Shangazi alirudi mapema kuchukua jembe jingine akasikiliza mlangoni.

"We mtoto, unamsomea mzee kama balozi anayesoma tangazo la mkutano!"

"Ndivyo yalivyoandikwa, Shangazi."

"Na akisinzia nitamlaumu yeye?"

Hakuwa anasinzia. Hilo nililiona mapema, ila sikulielewa. Babu alikuwa anatazama. Nami, kwa kuchoka na kitabu, nikaanza kutazama anapotazama. Mwanzoni niliona migomba tu, na migomba nimeiona tangu nizaliwe. Halafu nikaona kwamba asubuhi ukungu unakuwa umejaa bondeni mpaka juu, hata mti wa nje kabisa wa kibanja unaonekana kama mtu aliyesimama anafikiri kama aingie. Kisha ukungu unaondoka. Hauondoki wote, unajinyanyua kwanza sehemu za chini, unaacha majani yamelowa, na jua likipenya kila jani linakuwa na mstari wa moto pembeni. Nilikuwa na umri wote huu na sikuwahi kuliona hilo. Nilifunga kitabu, nikaweka kidole ndani ili nisipoteze ukurasa, na kwa muda mrefu hatukusema kitu, yeye kwa sababu hawezi, mimi kwa sababu sikutaka. Kifua changu kilijaa vile vile kama siku ile ya mvua juu ya ziwa. Nikamwangalia Babu, na jicho lake lilikuwa na maji. Nilijiambia labda ni ugonjwa.

Kisha wakaanguka senene, wale panzi wa kijani wa msimu wa mvua.

Nilipoamka nje kulikuwa na makelele, watoto, madebe, mtu anaita jina la mtu. Senene walikuwa wameshuka alfajiri na mvua nyepesi, na hewa yenyewe ilikuwa ya kijani. Walikuwa kwenye nyasi, kwenye migomba, kwenye kuta, kwenye nywele za watu. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyewahi kuona. Ni kama mbingu imefunguliwa mfuko na kinachomwagika ni hai. Kwetu hiyo ni siku ya kila mtu kukimbia, maana senene ni chakula na ni zawadi na ni heshima ya nyumba, na shamba la kijiji lenyewe linaweza kungoja. Shangazi alikwishatoka na debe. Nami nilimweka Babu kwenye kiti chake mlangoni nikachukua kikapu.

Senene mmoja akatua juu ya mkono wake wa kulia, ule usiohisi, uliokuwa umelala juu ya goti.

Babu akamwona. Akainamisha kichwa. Yule senene alikuwa wa kijani kibichi kabisa, amekunja miguu ya nyuma, vipapasio vyake vinacheza, na tumbo lake dogo linapumua. Mkono ule haukujua kwamba umekaliwa. Babu alikuwa na mkono mzima, angeweza kumkamata mara moja, na nani asingemkamata? Hakumkamata. Alimtazama jinsi nilivyomwona akitazama Ekaristi ikiinuliwa, hasa hivyo, sitii chumvi. Nikaweka kikapu chini. Nikapiga magoti pembeni ya kiti, uso wangu karibu na ule mkono, na tukamtazama sisi wawili, na pande zote maelfu wanaanguka kwa sauti ndogo kama mvua isiyolowesha, na sikuwa na ombi lolote. Sikutaka mtihani, sikutaka sauti, sikutaka hata Babu apone. Nilitaka tu iwe hivyo ilivyokuwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa mbele ya Mungu hivyo bila kuleta kitu wala kuomba kitu.

Shangazi alikuja na debe limejaa, mkono juu ya kifuniko.

"Mko wapi na kikapu? Kitupu! Yesu wangu. Wameangukia mlangoni, hata kuinama hamkuinama!"

"Tulikuwa tunawatazama, Shangazi."

"Mnawatazama! Mhaya gani mwenye akili zake anakaa akatazama senene wakiondoka?" Kisha akamwona Babu, na yule senene bado amekaa juu ya mkono wake, na uso wake ukabadilika. Aliweka debe chini taratibu. "Basi," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Basi ndiyo hivyo. Akili imekwenda. Katekista alisema kweli."

Alilia huku anakatakata mabawa ya senene, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa dalili iliyowasadikisha wote, kuliko ukimya wake. Katekista aliposimuliwa alitikisa kichwa kwa huzuni kweli. Mzee ambaye hashituki kwa senene.

Nilijua wanakosea. Lakini ningesemaje? Ningesema, alikuwa anasali? Wangeniuliza, alisema nini? Na hakusema kitu. Nami pia sikusema kitu, na kama yeye hakuwa anasali, basi na mimi sikuwa nasali, na ile mvua ya Bukoba pia haikuwa kitu.

Nikaamua kuandika, maana ndicho ninachoweza. Niliandika shairi la beti nne, vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, lenye Muumba na fadhila na rehema. Nilimsomea Babu asubuhi iliyofuata. Lilikuwa zuri. Babu alilisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgeni. Kilikuwa Kiswahili cha shule, na kilikuwa kimevaa tai.

Nikalichana. Siku hiyo sikuandika. Nilikaa nikangojea maneno yaje kwa Kihaya, na yalipokuja yalikuja na mwendo, mbele na nyuma, na nikaujua ule mwendo, nikaogopa. Ulikuwa mwendo wa kwebuga. Wasichana hawafanyi hivyo. Mwanamke kwetu anapiga magoti, anashangilia, anacheza, lakini hashiki mkuki akasema mimi ni nani. Tena mimi nina sifa gani? Sikuua kitu, sikumshinda mtu, simwezi hata mwenye duka. Nilikaa na swali hilo mpaka nikaona kwamba sina nililotenda ila nina nililoona. Nikaanza kwa hilo, polepole, bila kusimama, mdomo wangu karibu na sikio lake.

Nilipomaliza kipande cha kwanza, fimbo ilinyanyuka kidogo ikagonga sakafu. Du.

Nikasema kipande cha pili. Du. Haikuwa popote tu, ilikuwa mwisho wa kipande, pale pale pumzi inapoishia, kama alivyogonga mkuki arusini. Niligeuka kumtazama. Nusu ile hai ya uso wake ilikuwa imekaza, kama ya mtu aliye kazini.

Nilikimbia kumwambia Shangazi shambani. Alinisikiliza ameegemea jembe.

"Anafukuza nzi," alisema.

"Shangazi, anagonga mwisho wa..."

"Mwanangu." Hapo hakuwa mkali. "Usinitie tumaini. Nimechoka kulitoa."

Padri alikuja Jumapili. Asubuhi yake tulikwenda rweya, kwenye uwanda wa malisho nje ya vibanja, tukakata nyasi laini, tukazitandaza sakafuni nyumba nzima kama tunavyofanya kwa mgeni mkubwa, na nyumba ikanukia uwanda. Babu alivikwa kanzu yake nyeupe. Padri alikuwa mtu wa makamo, Mhaya, viatu vyake vina vumbi la safari nzima, na alipoingia alimwinamia Babu kwanza kabla ya kutusalimu sisi. Alikuwa na Komunyo kifuani katika mfuko mdogo. Tata alipiga magoti, Shangazi akapiga magoti, mimi nikawa nyuma yao karibu na mlango.

Katekista akaeleza kwa haki, hakuongeza kitu. Hasemi, haitikii, haonyeshi dalili. Akasita, akaongeza la senene.

Padri alimshika Babu mkono. "Mzee, ni mimi, padri. Nimemleta Bwana. Unamtaka?"

Babu alikuwa anatazama nje, juu ya kichwa cha padri, mahali ukungu ulipokuwa unajinyanyua.

Padri alingoja. Namshukuru kwamba alingoja. Halafu akapumua. "Nitampaka mafuta. Hayo mgonjwa anapewa hata akiwa hajitambui. Komunyo tuiache kwanza, nitakaporudi tutaona."

Atakaporudi. Shangazi alifunika uso. Na mimi niliona mkono wa Babu umeishika fimbo, vifundo vyeupe.

Sijui nilisimamaje. Ninachokumbuka ni kwamba magoti yangu yalikuwa na nyasi zimenata na kwamba nilijiambia, itachelewa, kama kawaida sauti itachelewa, na nikiwa bado najiambia hivyo nikasikia inatoka. Ilitoka nyembamba, inatetemeka kama ya mbuzi. Niliyasema kwa Kihaya. Hapa nayaweka kwa Kiswahili, yamepoteza mwendo, ila maneno ndiyo hayo.

Mimi sikuua chui, sikuvuka mto siku ya vita,
mimi ni msichana wa shule, namwogopa hata mwenye duka.

"Mtoto wa kike na kwebuga!" alinong'ona Shangazi. "Tata yake, mkalishe!"

Lakini fimbo iligonga. Sauti yake ilizibwa na nyasi, du, na kila mtu aliisikia. Padri alinyanyua kiganja kidogo kumzuia Shangazi.

Mimi niliona mvua ikitembea juu ya ziwa, imeubeba mwanga mgongoni,
nikaambiwa nisali, nikakosa neno.

Du.

Mimi niliona ukungu ukiamka bondeni, ukapanda bila miguu,
ukaiacha migomba imelowa kama watoto waliooshwa.

Du. Nilikuwa nimeanza kusogea mbele na kurudi nyuma, miguu yenyewe, juu ya zile nyasi.

Mimi niliona asubuhi ya kijani ikishuka kutoka juu,
mmoja kati yao akatua kwenye mkono usiohisi,
na mwenye mkono hakuufunga.

Du, kwa nguvu zaidi. Shangazi alikuwa ameondoa mikono usoni.

Wewe uliyewatuma wote, Wewe uliyemjua yule mmoja,
ulipita mbele ya mlango wetu, tukakuona.
Hatukukamata kitu. Tulikutazama.

Hapo nilikuwa nimekwisha. Sikuwa na kipande kingine. Nilisimama katikati ya nyumba na mikono yangu inaning'inia, nikangojea kugonga kwa mwisho, na hakikugonga kitu. Nikadhani nimempoteza.

Babu alikuwa anainama. Tata alitaka kumkimbilia akidhani anaanguka, padri akamshika bega. Babu aliinama polepole sana, upande ule mzima ukimvuta ule mwingine, mpaka fimbo ikafika chini. Akailaza juu ya nyasi mbele ya padri, mbele ya ule mfuko mdogo wa kifuani. Akaigeuza kwa vidole, kwa taabu, ncha ikamwelekea yeye mwenyewe. Halafu akainuka na kufungua kiganja chake cha kushoto, kitupu, akakiweka juu ya goti karibu na kile kilichokufa.

Nje kuku mmoja alikuwa anaparua majani ya kahawa. Padri alikuwa anaitazama fimbo, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, na nikajua kwamba na yeye ana babu.

"Katekista," alisema baadaye, "washa mshumaa."

Babu alipokea. Nilikuwa karibu, niliona. Alifumba macho, na ile nusu ya mdomo inayotii ikafunga, na koo lake likapanda na kushuka, na kijito cha mate kikamtoka pembeni. Safari hii mimi ndiye niliyekifuta, kwa kona ya gauni langu la Jumapili, na mkono wangu haukuogopa kitu chochote.

Baadaye watu walihamia upande wa chakula. Nilimsikia katekista akimwambia Tata kwamba katika miaka yake yote hajaona jambo kama hili, na Shangazi akimwambia padri ale, ale, ndizi zinapoa, na senene wale wamekaangwa leo leo. Mimi nilibaki na Babu. Fimbo ilikuwa bado imelala juu ya nyasi, hakuna aliyethubutu kuigusa. Ukungu ulikuwa umekwisha, kibanja chote kilikuwa wazi. Babu alisogeza mguu wake mzima, akaisukuma fimbo kidogo, kuelekea kwangu.

Niliiokota. Ilikuwa ya joto mahali aliposhika. Sikujua niifanye nini, nikakaa nayo tu mapajani, tukatazama nje. Kama kuna mtu angeniuliza wakati ule kama nasali, nisingeweza kumjibu, kwa sababu ingenibidi niache kwanza.

Shangazi akatokeza kichwa mlangoni.

"We! Sasa fimbo ya mzee unayo wewe, yeye atasimama na nini?" Alitutazama, mmoja na mwingine. Kisha akaja akakaa chini kwenye nyasi, upande wa pili wa kiti, miguu yake imenyooshwa, na akatazama na yeye.